Mechi Niliyoisikia Nikiwa Mwali

Mie kutulia sijui. Hata leo chai nainywa nimesimama. Goti ndilo lililonitoa uwanjani, si umri, na goti likikutoa mapema hamu yote inabaki miguuni. Ndiyo maana nikaanza kufundisha mpira wa wanawake pale Temeke, wakati watu wanapita kando ya uwanja wakiulizana, "Hawa hawana kwao?"

Serikali ilikuwa ndiyo imeruhusu biashara za watu binafsi, kila mtu na duka lake, kila duka na bango lake. Tajiri mmoja wa Kihindi, mwenye kiwanda cha sabuni Mikocheni, akasema Jumamosi atakuja kututazama tukicheza na wenzetu wa Kinondoni. Tukimpendeza ataichukua timu: wachezaji walipwe mshahara, na kocha pia. Mshahara wa mpira, sisi wanawake! Wiki nzima sikulala vizuri.

Alhamisi kipa wangu hakuonekana mazoezini. Nikaambiwa bibi yake kamweka ndani, anachezwa unyago kabla hajaposwa. Wazaramo wale, mwali akishawekwa ndani haoni jua mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Nikachemka. Kipa wa akiba nilikuwa naye, lakini yule mpira ukimjia anafumba macho.

Njia nzima nilipanga maneno makali. Kufika mlangoni nikakumbuka kitu bora zaidi. Mie Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu mababu zetu waliposhuka pwani na mizigo kichwani. Mtani hakasirikiwi. Nikamkuta bibi uani anatwanga kisamvu, nikampa shikamoo yake, kisha nikamnyang'anya mchi.

"Siuachii mpaka nipewe kipa wangu!"

"Haa! Mpagazi kaja!" Bibi akapiga makofi. "Mzigo umeutua wapi?"

"Nyie Wazaramo kazi yenu ngoma tu, mnatuharibia mpira!"

"Na ngoma yenyewe tutaicheza juu ya kaburi lako."

Tukashambuliana hivyo mpaka majirani wakachungulia. Halafu bibi akanitazama kuanzia miguuni.

"Haya. Jumamosi atakwenda, afunikwe kanga mpaka uwanjani na arudi vilevile. Lakini chumba cha mwali hakikai kitupu, mtani. Akitoka yeye, unaingia wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Lo! Utani nimeuanza mwenyewe, na mtani akidai chake huwezi kumkatalia. Nikikataa, basi mie si mtani tena, ni mgeni tu aliyeiba mchi wa watu.

Jumamosi timu nikamwachia nahodha. Nikaketishwa mkekani, kanga kichwani, shangazi wa yule binti akakaa mlangoni kunilinda. Bibi mwenyewe alikwenda uwanjani, eti anamsindikiza mwali wake. Uwanja ulikuwa nyuma tu ya nyumba za jirani, kwa hiyo filimbi ya kuanza niliisikia. Nikasimama.

"Mwali hasimamisimami," shangazi akasema.

Nikakaa. Kelele zikapanda, nikasimama tena. Goli? La nani? Watu wa Temeke wanashangilia hata mbwa akikatiza uwanja. Nikapiga ukelele dirishani, "Beki, rudi nyuma!" Shangazi akanivuta kanga, nikakaa kwa kishindo. Jasho lilinitoka kuliko siku zote nilizocheza. Tajiri yuko pale, timu yangu iko pale, na mie niliyewabembelezea wale mabinti kwa mama zao, nyumba kwa nyumba, nimefungiwa kama kuku anayeatamia. Hasira zilinipanda mpaka nikalia, wala sikuona aibu.

Filimbi ya mwisho ikalia. Haukupita muda nahodha akatokea dirishani, anahema.

"Dada, tumeshinda! Kipa kadaka penalti!"

Nikaruka juu. Lakini uso wake haukuwa wa furaha.

"Ila yule tajiri… Timu anasema anaichukua. Halafu atatafuta kocha, maana hii haina."

Haina? Na mie ni nani?

Bibi alikuwa ameshaingia na mwali wake, sauti imemkauka kwa kushangilia, na maneno yale aliyasikia. Nikaitupa kanga, nikakimbilia mlangoni. Akanizuia kwa mkono.

"Unakwenda wapi? Mwali hajitoi. Mwali anatolewa."

Akapiga kigelegele. Mara ua ukajaa wanawake, ngoma zikatoka sijui wapi, nikafunikwa upya na kuongozwa barabarani, wachezaji wangu nyuma na vumbi lao magotini. Nilichowaza ni kwamba gari la tajiri litaondoka kabla hatujafika. Tukalikuta limeshawashwa. Tajiri akashusha kioo, macho yamemtoka pima, na bibi akanifunua uso mbele yake.

"Baba, kocha huyu hapa. Alikuwa kwangu, ndiyo maana hukumwona."

Tajiri akanitazama, akamtazama bibi. "Sasa wewe umemfungia kwa nini?"

"Tulikuwa tunamfunza kutulia," bibi akasema. "Mechi nzima, imeshindikana. Mchukue tu, baba. Kwa kazi nyingine huyu hafai."