Jina Lililoachwa Unyagoni

Treni kutoka Kigoma, kisha basi kutoka Dar es Salaam: siku nne, na miguu imevimba. Mtwara ulikuwa mji wangu wa saba tangu nimalize kidato cha nne. Nilipanga chumba Ufukoni, nikapata kazi kwa daktari mmoja mtafiti, dada kutoka Bukoba, aliyechunguza jinsi vimelea vya malaria vinavyobadilika hadi dawa zishindwe kuviua. Nilimwendeshea gari na kumwandikia daftari.

Mtoto mwenye malaria alipewa dawa ya mseto. Tone la damu yake lilikaushwa kwenye karatasi, likapelekwa maabara kusomwa vinasaba vya vimelea. Mimi nilimfuata nyumbani kila wiki, kwa wiki nne, kuona kama amepona.

Msichana mmoja wa miaka kumi aliishi ng'ambo ya mkono wa mto Ruvuma, unaovukwa kwa miguu maji yakipwa. Wiki ya pili nilikuta maji yamejaa, nami naogopa mamba. Nikakaa garini, nikaandika daftarini: "Amehama."

Miezi ikapita. Tulipima wanafunzi wa shule ya kijiji kilekile. Nesi akitoboa vidole, mimi nikiandika majina bila kuinua macho. Majibu yalipokuja, daktari aliniita.

"Kaka, yule msichana wa ng'ambo na huyu wa shuleni, vimelea vyao ni kama pacha. Wa kwanza si alihama?"

"Alihama, daktari."

"Ulimwona akihama?"

"Sikuvuka."

Hakunigombeza. Alisema tu, "Kama mseto haukuviua vimelea vile, mtoto yule anaumwa mpaka leo. Kama bado yupo."

Kesho yake nilivuka, maji mapajani, nikiruka kila jani lililonigusa. Nyumbani kwao wanawake walikuwa wanamenya mihogo. Nilimwamkia bibi yake, nikamtaja mtoto kwa jina. Visu vikasimama.

"Huyo hayupo," bibi alisema.

"Amekwenda wapi?"

"Hayupo. Wala usilitaje tena jina hilo hapa."

Nikakaa mchangani. "Poleni na msiba, bibi," nilisema, machozi yakinitoka.

Kicheko cha wanawake kikalipuka. "Msiba! Mwanamume mzima na ndevu zake!"

"Kwao huyu hawachezwi unyago!"

"Mjukuu wangu hajafa," bibi alisema. "Jina lake la utoto tuliliacha unyagoni. Kulitaja ni tusi. Aliyetoka kachezwa, na jina lake ni lingine."

Akamwita. Lilikuwa jina la pili, lile nililoliandika shuleni; wale wawili walikuwa mtoto mmoja. Msichana akatoka, mwembamba. Aliponishika mkono kunisalimia, kiganja chake kilikuwa moto.

Nilimvusha mgongoni. Hospitali wakampa dawa nyingine, na safari hii nilivuka kila wiki. Wiki ya nne damu yake ilikuwa safi. Bibi alinifungia korosho, akaniita mfiwa mbele ya majirani.

Lakini daftarini mlikuwa na "amehama" nyingine mbili, kwa mwandiko wangu. Mmoja nilimpata anacheza, mzima. Wa pili nilimtafuta mwezi mzima. Nyumba ilikuwa tupu kweli, mlango umetolewa, na jirani hakujua walikokwenda.

Daktari aliniomba nibaki. Nilimkabidhi funguo za gari, nikapanda basi. Nimekwisha ondoka miji mingi, na yote naikumbuka kwa hamu. Mtwara naukumbuka kwa ule mlango.