Bawa la Gari la Njano

Bawa lilifika likinuka samaki. Lilinunuliwa Kampala, likavuka ziwa hadi Kasenyi kwa mtumbwi wa injini, na kutoka Kasenyi likapanda mlima hadi kwetu Bunia juu ya magunia ya samaki wakavu, limefungwa kwa shuka. Mwenye gari alilifungua polepole mbele yetu, kama mtu anayefungua nepi ya mtoto, halafu akarudi hatua mbili nyuma.

"Muzee, hii ni harufu ya safari," alisema. "Itaisha yenyewe."

Muzee ni fundi wangu; kwake ndiko ninakojifunza kazi. Garaji yake iko mtaani kwetu, kartye ya Lumumba, kiwanja kidogo chenye ukuta upande mmoja tu; pande nyingine ziko wazi, na njia inapita hapo hapo. Alilinusa lile bawa, akapitisha kidole juu yake, akanionyesha kidole kinavyong'aa.

"Haiishe. Haya ni mafuta. Ukipiga rangi juu ya mafuta ya samaki, itatoboka-toboka sawa mukate."

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulifua. Nililifua mara tatu kwa sabuni ya unga, nikalikausha juani, nikalifua tena. Paka wa jirani alikaa karibu nami asubuhi nzima.

Gari lenyewe lilikuwa la milango miwili, la chini sana, la njano, lililotengenezwa kwa kukimbia. Mwenyewe ni mfanyabiashara kijana, wazazi wake walitoka Butembo. Anauza paneli za sola. Kwa barabara zetu gari lile halikimbii popote. Analiendesha akiwa amenyoosha shingo ili aone shimo kabla halijafika, na mara nyingi nimeona mbuzi wakilipita. Lakini mdogo wake alikuwa anaoa Jumamosi, na gari lile ndilo lingebeba maharusi kutoka kanisani. Alitaka liwe na bawa nyuma, kama alivyoona kwenye picha.

"Aleroni ndiyo inafanya gari iitwe gari," alituambia. Kwetu bawa hilo linaitwa aleroni.

"Inasaidia nini?" Muzee akauliza.

"Inakamata gari chini isiruke."

Muzee aliitazama njia, mashimo yake, kuku wawili waliokuwa wakioga vumbi katikati. "Haya," akasema. "Isiruke."

Siku hiyo ya Jumanne tulijaribu kulikalisha. Bawa lilitengenezwa kwa gari jingine, basi miguu yake miwili haikulala vizuri juu ya kifuniko cha nyuma. Mguu wa kushoto uliacha nafasi ya kuingiza kidole. Muzee alibandika karatasi ya gundi juu ya kifuniko, akavuta uzi toka pembe hadi pembe, akaniambia nipime. Nikapima. Akaniambia nipime tena. Mara ya tatu alipima mwenyewe, kisha akatoboa. Nilifumba macho wakati chuma kilipoingia kwenye ile rangi nzuri. Chini ya kila mguu tulikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, ili mvua isiingie kwenye mizigo, na ile nafasi ya kushoto nikaijaza kwa mastiki ya kuzibia, nikaisaga kwa msasa hadi mkono wangu ukapita bila kukwama. Kusaga najua. Nimesaga miaka mitatu. Kupulizia rangi nilikuwa nimeruhusiwa sehemu za chini tu, zile ambazo hakuna anayeinama kuziangalia.

Jioni simu ikaja: shangazi yake Muzee amefariki Kasenyi. Asubuhi ya Jumatano, pikipiki ikimngoja, alichukua pistole, ile ya kupulizia rangi, kwenye sanduku lake akaniwekea mkononi.

"Weye utapiga hii aleroni," alisema. "Ikitoka muzuri, pistole inabaki kwako, mimi nitabaki na mastiki yangu. Ikitoka mubaya, unarudia msasa, na mimi nitatafuta mwingine wa rangi. Macho yangu haione tena vizuri, unajua. Na usisahau kufunga njia."

Hilo la mwisho ndilo nililoliogopa.

Wakati wa jua kali vumbi letu ni jekundu na jepesi kama unga. Pikipiki moja ikipita, linakaa hewani muda mrefu, na rangi mbichi inalinywa lote. Kwa hiyo Muzee hupiga rangi asubuhi na mapema. Humwaga maji njiani toka kona hadi kona, halafu husimama katikati, anavua kofia na kusema, "Bamama, batata, dakika makumi mbili!" Na watu wanasimama. Pikipiki zinazima, wanafunzi wanazungukia nyuma ya kanisa, mama anayekaanga mikate kwenye kona anafunika moto wake. Husimama kwa sababu ni yeye, nilidhani. Anamjua kila mtu, anauliza habari za watoto kwa majina. Mimi hata kuomba chumvi kwa jirani huwa nazunguka nyumba mara mbili kwanza.

Basi Alhamisi niliamua kwamba sitafunga njia. Nilikuwa na turubai la bluu, bashi kama tunavyoliita. Nililifunga pande zote kama hema, nikaingiza bawa ndani, nikaingiza na mlango wa gari kwa kulisogeza gari hadi ubavu wake uingie, ili nione njano yake. Nikachanganya rangi humo ndani. Niliongeza tone, nikalinganisha, nikaongeza tone lingine, mpaka ile iliyokuwa mkebeni na ile ya mlango zikawa kitu kimoja. Nikapulizia. Hakuna vumbi, hakuna mtu wa kumwomba kitu. Nilitoka nimelowa jasho, kichwa kinauma kwa harufu, na nilikuwa na furaha.

Saa tisa alasiri nilitoa bawa nje na kuliweka juu ya kifuniko.

Gari lilikuwa la njano ya ndizi. Bawa lilikuwa la papai.

Nililirudisha chini ya turubai: zinafanana. Nikalitoa: papai. Chini ya bluu ile njano zote ni moja. Nilikaa juu ya tairi bovu nikiangalia pistole, na nilihisi kama tayari imeshatoka mkononi.

Muzee alipiga simu saa ile ile, kama vile alikuwa ameniona.

"Aleroni iko namna gani?"

"Iko, Muzee."

"Iko nini?"

Nyuma yake niliwasikia watu wa matanga wakiimba.

"Ulifunga njia?"

"Hapana."

"Sasa ulipigia rangi wapi?"

"Chini ya bashi."

"Bashi ya bluu?" akauliza. "Umepata rangi gani?"

"Ya papai."

Alicheka. Alicheka mle mle matangani, nikasikia sauti ya mwanamke ikimkemea. Akashusha sauti. "Sikia, mutoto wangu. Jua ingali. Changanya sasa, inje, uone na macho. Halafu kesho asubuhi funga njia. Watu hawakule mutu."

Nilichanganya upya jua likiwa bado juu, nikijaribu kila tone kwenye kifuniko cha mkebe kilichoegemea mlango wa gari. Mara ya tano nilikitafuta kifuniko sikukiona, mpaka nikakigusa. Nikajua hiyo ndiyo. Halafu nikasaga papai yote hadi giza likaingia.

Asubuhi ya Ijumaa nilimwaga maji madumu manane. Lakini kusema bado sikuweza. Nilichukua katoni, nikaandika kwa makaa, herufi moja baada ya nyingine kama tulivyofundishwa shule ya msingi: MUSIPITE. RANGI. Nikaitundika kwenye kamba kati ya mti na nguzo, nikarudi kuwasha jenereta ya kompresa.

Kwenye kona kuna kituo cha pikipiki. Dereva mmoja mwenye kofia ya sufu alisogea hadi chini ya katoni, akasoma kwa sauti.

"'Musipite. Rangi.' Leki, mudogo wangu, unauzisha rangi?"

Nikatikisa kichwa.

"Labda ni njia ndiyo inapigwa rangi," akasema mwenzake. "Serikali imetukumbuka!"

Wote wakacheka, na yule wa kofia ya sufu akawasha pikipiki akapita chini ya katoni, akainama kama anapita mlango mfupi. Maji hayakuwa yamefika kila mahali. Vumbi likapanda. Bawa lilikuwa bado limefunikwa, Mungu saidia.

Mama wa mikate alikuwa ananiangalia. "Weye mutoto," alisema, "uko na mudomo ao hauna? Sema nao!"

Nilikwenda hadi katikati ya njia. Sikuwa na kofia ya kuvua.

"Ninaomba..."

"Sauti!" wakapiga kelele wale wa pikipiki.

"Ninaomba dakika makumi mbili! Musipite! Kesho kuko harusi!"

"Harusi yako?"

"Hapana."

"Sasa unatetemeka nini?"

"Ni aleroni," nikasema. "Aleroni ya ile gari ya njano."

"Ile yenye mbuzi zinaipita?"

"Ile."

"Na ukiisha kuweka aleroni, itapita mbuzi?"

Sijui jibu lilitoka wapi. "Mbuzi, labda itapita," nikasema. "Ngombe, siwezi kuwadanganya."

Mama wa mikate ndiye aliyecheka kwanza, hata akaweka mwiko chini. Yule wa kofia ya sufu alizima pikipiki, akaweka ufunguo mfukoni, akawageukia wenzake. "Muzime! Mutoto anatumika kazi." Na mama akafunika moto wake, akiniambia kwamba mikate ikilala leo, nitaila mimi yote.

Nilifunua bawa. Rangi ilitoka laini, mkono unakwenda na kurudi bila kusimama katikati, jinsi nilivyomwona Muzee akifanya mara mia. Njia ilikuwa kimya kabisa. Nilisikia kompresa na pumzi yangu. Walikuwa wameketi juu ya pikipiki zao wakitazama kama watu walio kwenye mpira. Rangi ilikauka, nikaanza verni, ile ya mwisho inayong'aa, ambayo vumbi linaipenda kuliko zote. Hapo nikasikia kengele.

Ng'ombe. Kila asubuhi kundi moja linapita pale kwenda majanini, na mimi nilikuwa nimelisahau. Walikuwa kama thelathini, wanakuja na wingu lao.

"Simamisha!" nikapiga kelele, pistole ikiwa bado inapuliza. "Simamisha ngombe! Baba, simamisha!"

Sikujua kwamba nina sauti ile. Mchungaji alishtuka, lakini ng'ombe hawakuwa na habari. Ndipo watu wa pikipiki walipokimbia na kupanga pikipiki zao nane kukatiza njia, gurudumu kwa gurudumu, wakasimama nyuma ya pikipiki hizo na mikono wazi.

"Ngombe zangu zinangojea nini?" mchungaji aliuliza.

"Aleroni!" wakajibu wote.

"Aleroni ni mutu gani?"

Hakuna aliyemweleza. Ng'ombe walisimama pale wakilamba viti vya pikipiki, mimi nikamaliza verni, pande zote, hata chini.

Mchana nililifunga kwenye gari, mpira chini ya kila mguu, nati zikakazwa kwa ndani. Mwenye gari alikuja saa kumi. Alilitazama akiwa mbali, akachuchumaa, akalitazama kwa ubavu, akapitisha mkono toka gari hadi bawani na kurudi, akitafuta mahali ambapo rangi inabadilika. Kuna chembe moja ya vumbi upande wa kulia, ndogo kama mbegu ya nyanya. Naijua mimi peke yangu. Yeye alinipa mkono, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaondoka taratibu, na pale kwenye kona wale wa pikipiki walisimama wakapiga honi.

"Aleroni yetu ile!" alisema wa kofia ya sufu. Mama wa mikate akaongeza kwamba ni mikate yake iliyopoa ndiyo iliyopo pale juu.

Muzee alirudi Jumapili jioni. Gari alikuwa ameliona njiani, likiwa bado na riboni za harusi, akamsimamisha mwenyewe na kulizunguka mara mbili. Alikaa, akanywa chai, akaniambia habari za mazishi. Nilikuwa nimesafisha pistole na kuirudisha kwenye sanduku lake. Alilifungua sanduku, akaitoa, akaja kuiweka juu ya meza upande wangu.

"Kesho, lundi, kuko milango miwili ya teksi," alisema. "Utaamuka mapema. Mimi nitamwaga maji."

Jumatatu alimwaga maji kweli, mgongo umeinama, toka kona hadi kona, halafu akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta. Nilitoka hadi katikati ya njia. Lakini kabla sijafungua mdomo, mama wa mikate alikuwa ameshashika kifuniko chake mkononi, anangoja.

"Haya, leo dakika ngapi?" akaniuliza.

"Makumi tatu, mama," nikasema. "Milango iko mbili."