Likizo ya Pandashuka

Kaka yangu ni fundi wa lifti, na mtaa mzima unamwita Pandashuka. Anapenda nyaya, anapenda grisi, anapenda kuingia kwenye shimo refu lenye giza na kukaa humo akisikiliza breki kama daktari anavyosikiliza kifua. Asichopenda ni kukaa sebuleni. Simu ikilia kwamba kuna lifti imekwama mahali, anaruka kutoka mezani tonge likiwa bado mdomoni, na ukimtazama usoni utadhani ameitwa kupokea zawadi.

Mkewe, yaani wifi yangu, ni msusi. Kutwa nzima amesimama nyuma ya vichwa vya watu akisikiliza umbea wa mji, na yeye mwenyewe ana mdomo, wala simsingizii. Kisha anarudi nyumbani kwa mtu ambaye hotuba yake ndefu kuliko zote ni "Chumvi iko wapi?" Miaka yote ya ndoa yao amekula na kiti kitupu, au na kiti chenye mtu kimya, na aliwahi kuniambia kwamba kiti kitupu angalau hakimwagi chai.

Basi watoto wao, ambao sasa wana kazi na aibu kidogo, wakachanga na kuwaambia wazazi wachague likizo ya wiki moja. Ama meli ya kitalii, ile inayokwenda bandari hadi bandari huku mnalala na kula humo humo; ama hoteli ya ufukweni ambayo ukishalipiwa unakula, unakunywa na kuogelea mpaka uombe poo. Ungedhani wangeshukuru. Wakagombana.

Wifi alitaka meli. Alikuja kwenye kibanda changu cha kushonea, akakalia suruali ya mteja wangu, akasema bila kuzunguka.

"Wifi, namtaka mume wangu kwa wiki moja tu. Anikalie, aniongeleshe. Huko baharini nani atampigia simu kwamba lifti imekwama? Samaki?"

"Na hotelini je?"

"Hoteli ina geti. Nikiingia kuoga nikitoka nitamkuta hayupo, yuko kwenye jengo la jirani anafungua parafujo za watu."

Kaka alitaka hoteli. Alikuja kesho yake, akakalia suruali ileile, akaanza kunidanganya. Eti meli inatapisha. Eti meli inayumba. Nikamwambia mtu anayening'inia kwa mkanda kwenye shimo la ghorofa kumi asije kunieleza habari za kuyumba. Akachezea vifungo vyangu kwenye kopo, kisha akasema huku anaangalia chini:

"Dada, melini huwezi kushuka. Wiki nzima, mimi na yeye, chumba kimoja. Nitaongea naye nini?"

"Nyumbani mnaongea nini?"

"Nyumbani kuna simu."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Halafu nikakasirika, kwa sababu hakuwa anatania. Mtu mzima, mvi kichwani, anamwogopa mwanamke aliyemzalia watoto kwa kuwa hajui aanzie wapi. Nikamwita mjinga, na majina mengine ambayo mama yetu angeyasikia angenizaba kibao. Lakini wifi sikumwambia.

Siku ya kwenda kwa wakala wa safari walinichukua niwe refa. Ofisi iko ghorofa ya sita, kwenye jengo lenye vigae vilivyopasuka na harufu ya sabuni ya sakafu. Tulipofika mlangoni wifi akanyoosha mkono.

"Simu."

Kaka akaitoa. Wifi akaitumbukiza kwenye mkoba, akafunga zipu, akaubana kwapani. Tukaingia kwenye lifti, sisi watatu peke yetu. Katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne ikatetemeka, ikakohoa, ikasimama.

Nikamtazama kaka. Kaka akatazama dari.

"Hii lifti fundi wake nani?" wifi akauliza, kwa upole ule wa kutisha.

"Mimi."

"Ilikuwa na tatizo?"

"Mlango ulikuwa unasumbua. Nilikuwa nije wiki iliyopita, nikaitwa kwingine."

Akabonyeza kitufe chenye picha ya kengele. Mkoba wa wifi ukaanza kulia.

Wifi akaubana zaidi. "Hupokei. Leo hata kama mji mzima umekwama, hupokei."

"Mama watoto, hiyo simu ni sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi tuliokwama. Kengele ya humu inapiga kwangu. Niliiunganisha mwenyewe, maana hao mafundi wengine huwa hawapokei."

Nikaketi sakafuni kwa kicheko. Wifi hakucheka, ila alifungua zipu. Kaka akakata ile simu iliyokuwa inatupigia sisi wenyewe, akampigia mlinzi wa jengo, mama wa makamo ambaye kaka aliwahi kumfundisha kuzima umeme wa lifti na kuishusha kwa mkono. Yule mama akasema sawa, atafanya, ila chumba cha mashine kiko juu ya paa na magoti yake siyo ya juzi, kwa hiyo tutulie.

Kutulia kukanishinda. Kicheko kilipoisha nikaona kuta zinanisogelea, jasho likanitoka, nikaanza kupumua kama niliyekimbizwa na mbwa. Kaka akaniona. Hapo sauti yake ikabadilika, ikawa nzito na changamfu, sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kinywani mwa ndugu yangu wa tumbo moja.

"Haya, habari za humo ndani? Mimi ndiye fundi wenu. Hamtaanguka, hii imefungwa kamba za chuma za kutosha kubeba hata kiburi cha mwenye jengo. Sasa, wakati tunasubiri, niwaambie habari za bwana harusi mmoja aliyekwama na keki..."

Wifi akamkodolea macho. "Unaongea na nani?"

Kaka akashtuka kama aliyeamshwa. "Na... na waliokwama. Huwa naongea nao kupitia mlango huku nafanya kazi. Mtu akisikia sauti hapandwi na hofu."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Miaka yote hii?"

"Wengine wakishatoka wananiomba nimalizie hadithi," akasema kwa fahari, mjinga yule, bila kujua anajichimbia kaburi.

Wifi akaegemea ukuta. Machozi yakamlenga. "Kumbe maneno unayo. Unawapa watu usiowajua, nyuma ya mlango. Mimi ninayekufulia hayo maovaroli unaniuliza chumvi."

Nilimwonea uchungu, na kwa kitambo kidogo nikamchukia kaka yangu kabisa. Alikuna kichwa. Alitafuta simu mfukoni, akakumbuka anayo mkononi, na haikulia kumwokoa.

"Wale hawanioni," akasema mwishowe. "Wewe ukiniangalia, maneno yote yananikimbia. Tangu zamani. Naona utanicheka."

Wifi akageuka, akaweka paji la uso kwenye ukuta wa lifti, mgongo kwetu, gauni nililomshonea likijikunja kiunoni.

"Haya, sikuangalii. Bwana harusi alifanyaje?"

Kaka akaanza kwa kigugumizi, akapata njia. Bwana harusi alikuwa amekwama peke yake na keki ya ngazi tatu, ukumbi mzima unamsubiri juu, na kaka alipofungua mlango alikuta ngazi moja imeshaliwa. Jamaa akajifuta midomo, akasema, "Fundi, hebu funga tena kidogo." Mabega ya wifi yakaanza kutikisika. Ikafuata hadithi ya bibi aliyekwama na paka, kisha ya wapangaji wawili waliokuwa hawasalimiani. Lifti ikawa inashuka kidogo kidogo huku mlinzi akihema kwenye simu, na kaka anasimulia tu. Mimi hofu yangu hata sijui iliondoka saa ngapi.

"Mko sawa na ghorofa ya tatu," mlinzi akasema. "Fungueni."

Kaka akanyoosha mikono mlangoni. Wifi, bado ameangalia ukuta, akasema:

"Fundi, hebu acha kwanza kidogo."

Ghorofa zilizobaki tulipanda kwa ngazi. Wakala, kijana mwenye tai na meno mengi, akatutandazia picha na kuanza kuimba sifa za meli: mabwawa, ukumbi wa muziki, lifti za vioo.

"Zikikwama?" wifi akauliza.

"Wana mafundi wao, mama."

"Afadhali. Tunachukua meli."

Wakala akamwonyesha vyumba vyenye roshani, vyumba vyenye dirisha kubwa la kutazama bahari. Wifi akavipita vyote mpaka ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye kimoja kilichobanana kama stoo.

"Hicho hakina dirisha, mama," wakala akasema, karibu aombe radhi.

"Taa ikizimwa, kunakuwa giza kabisa?"

"Giza totoro. Hata ukiweka mkono mbele ya uso huuoni."

"Hicho hicho."

Wakala akamgeukia kaka, asikie mwanamume anasemaje. Kaka alikuwa amewiva masikio. Akaichukua simu yake, akaniwekea kiganjani na kunifumba vidole juu yake.

"Kengele ikilia, ita fundi mwingine," akaniambia. "Ila mpaka afike, ongea nao. Ya bwana harusi si unaijua?"