Ukuta wa Upande wa Kisiki

Nilikuwa na miaka sita baba alipoukata mkuyu wa uani kwetu, Kwamsisi. Vibanda vyetu vya udongo vilikuwa vimeuzunguka, na maisha yetu yote yalikuwa chini yake: kupukuchua mahindi, kusukana nywele, kula. Baba alitaka nyumba moja kubwa ya tofali na bati, na mahali palipomfaa palikuwa pale pale penye mti.

Bibi, mama yake mzazi, alimfuata kabla hajapiga shoka la kwanza.

"Mwanangu, chini ya mti huu kuna wenyewe. Ukijenga juu yao, watafungua njia ya kutokea."

"Mama, watoto wanalala wanavujiwa," baba akasema, akicheka. "Hao wa chini watahama."

Kisiki kilikuwa kikubwa mno kuking'oa. Kilikatwa usawa wa ardhi, kikafukiwa, na msingi wa chumba chetu sisi watoto ukapita juu yake. Mle nililala mimi na mdogo wangu Zaina.

Mwaka wa tatu ukutani pakatokea ufa, mwembamba kama uzi. Ukapanuka hata kidole changu kikaingia. Baba aliuziba, ukarudi. Siku moja bibi aliingia, akagonga sakafu kwa mkongojo wake, akainama kusikiliza. Kisha akanivuta nje.

"Usilale tena mle, mjukuu wangu. Ukuta ule una njaa."

Nikahamia kwake. Zaina, aliyekuwa na miaka minne, alikataa kunifuata. Alikuwa amepata kitanda peke yake na furaha yake haikuwa na mfano. Kwa baba, bibi hakusema neno tena. Nadhani alikuwa amechoka kuchekwa.

Masika yalipochanganya, mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya nne, mchana, mama alimlaza Zaina akaenda jikoni kusonga ugali. Tulisikia kishindo kimoja tu, wala hakikuwa kikubwa. Tulipofika, upande mzima wa chumba ulikuwa umelala kitandani. Baba alifukua tofali kwa mikono hadi kucha zikatoka damu. Alimpata Zaina. Alivua shati akamfunika.

Siku ya tatu baada ya maziko, wazee wa ukoo waliketi mkekani, wakaniita. Aliyeniuliza ni baba mkubwa, kaka yake baba, kwa sauti ya upole.

"Wewe ulikuwa unalala mle na mwenzio. Ulihama kwa nini?"

"Bibi alinikataza. Alisema ukuta una njaa."

Nilisema kweli, kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Niliona macho yote yakigeuka kwenda kwa bibi, aliyekuwa ameketi mlangoni mwa kibanda chake, na nikaona baba akimtazama mama yake kama mtu asiyemjua.

"Ulijua," baba alimwambia. "Ulijua siku, ukachagua wa kumwacha."

Kesho yake bibi alipakiwa kwenye baiskeli na kifurushi cha nguo, akapelekwa Kang'ata kwa kaka yake. Neno lenyewe, mchawi, sikulisikia likitamkwa nyumbani. Nililisikia shuleni. Alifariki kabla sijamaliza darasa la saba, na baba hakwenda kuzika.

Mwaka jana nilianza kujenga Hale, kwenye kiwanja chenye mikwaju miwili na mzambarau. Nilimwambia fundi asikate hata mmoja. Vyumba vizunguke ua, na miti ibaki katikati. Akaichora ramani upya bila kubisha. Lakini siku ya kuchimba msingi alisimamisha kazi. Mwenye kiwanja wa zamani alikuwa amekata mti mahali ambapo chumba cha wanangu kingesimama.

"Hapa hatupiti, mama," alisema, akigonga ardhi kwa mtaimbo. "Sikia, pako wazi chini. Kisiki kikioza kinaacha shimo, ardhi ikishiba mvua ukuta unadidimia na kuanguka. Mimi nimeona nyumba zimeua watu."

Nilienda kukaa kwenye rundo la mchanga. Alidhani ninaumwa, akaniletea maji.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Korogwe, kwa mdogo wangu wa kiume aliyezaliwa baada ya Zaina, ambako baba anaishi siku hizi. Nikamsimulia yote, ile sauti ya mtaimbo ardhini na maneno ya fundi. Nikamwambia pia kwamba bibi aligonga sakafu siku ile, jambo ambalo pale mkekani sikulisema kwa sababu sikuulizwa. Kama kulikuwa na wenyewe chini ya mkuyu ule mimi sijui. Najua bibi alisikia kitu kwa masikio yake, akakisema kwa maneno aliyokuwa nayo, na mimi nikayachukua maneno hayo nikawapa watu waliomfukuza.

Baba alinisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Kaburi lake kule Kang'ata," aliniuliza hatimaye, "lina alama?"

Nikamwambia sijui. Na mimi sijawahi kwenda.