Amani ya Jikoni Iliyonilaza Njaa

Wahenga wanasema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hawakuwahi kupanga chumba Point, Durban. Mimi nilikuwa nyasi, na nilinenepa.

Fleti tulichangia watatu: muuza chapati wa Tanga niliyemwita shangazi, mama wa Kikongo mwenye saluni, na mimi, mwanafunzi wa historia nisiyejua hata kuchemsha yai. Jiko lilikuwa na plate mbili tu zinazowaka, na wote wawili walizitaka jioni. Ikawa vita, na kila mmoja alinitaka upande wake. Shangazi ananiletea chapati na maharage ya nazi: "Kula mwanangu, halafu uniambie kama yule mama ana haki." Kabla sijamaliza, mlango unagongwa, ni mama na kisamvu chake cha Kikongo. "Petit, sombe iko hapa, na samaki. Kula, kisha sema ukweli." Nikala, nikakubaliana na wote.

Wakati huo nilikuwa naandika tasnifu kuhusu mkataba wa 1890, Mwingereza na Mjerumani walipopatana: huyu Zanzibar, yule bara na pwani yake. Mwalimu wangu alikuwa ameniuliza, "Na waliogawanywa walisema nini?" Swali nikaliruka, maana kichwa kilishanivimba kwa mikataba. Siku kelele zilipozidi, nikawakalisha mezani kama balozi: shangazi apike asubuhi, mama jioni. Wakapeana mikono. Sharp, mambo safi!

Eish. Jioni ile hakuna aliyegonga mlango wangu. Kesho yake vilevile. Niliwasikia sebuleni, mama akimsuka shangazi, wanacheka kama wamezaliwa tumbo moja. Iliniuma, tena sana. Kwetu ni mbali, na zile sahani ndizo zilizonifanya nijione mtoto wa mtu.

Mwishowe nikajisongea ugali. Chini ukaungua, juu ukabaki unga mtupu. Moshi ukawaleta wote wawili mbio.

"Masikini, kumbe mtoto ana njaa!" shangazi akapiga kelele.

"Mie nilijua ni weye unamupa chakula," mama akamjibu, huku ananipakulia.

Wakanigawana palepale, mwiko ungali mkononi mwangu: mchana ni wa shangazi, usiku ni wa mama, na vyombo vya pande zote nitaosha mimi. Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka kupinga, wallahi, hoja nilikuwa nazo. Lakini mdomo ulikuwa umejaa sombe.