Jogoo Aliyemrudisha Fortunato

Nikimaliza kusimulia mtasema, "Mzee huyu kalewa." Semeni tu. Divai nimekunywa, tena kidogo, na mambo haya yalitokea kabla haijakamuliwa. Nje ya mji wetu huu wa Chioggia hajapatikana mtu wa kuyaamini, na watu wa Venisi ndio kabisa, maana hao hata simba wetu wa jiwe wa juu ya nguzo wanamwita paka. Sisi pia twamwita paka, lakini sisi ndio wenye paka.

Mwenye hadithi yuko hapa hapa mlangoni, kwenye kiti cha majani, mto wa kusukia lesi mapajani, vijiti vya uzi vikigongana kama meno ya mwenye baridi. Ni Pasqua, mke wa kaka yangu Fortunato. Anajifanya hasikii. Mwacheni.

Pasqua alizaliwa katika kimojawapo cha vichochoro hivi vinavyochomoza barabarani kama miiba kwenye uti wa samaki, akaolewa kichochoro cha pili yake, na safari yake ndefu kuliko zote ni ya Padova, kung'olewa jino. Enzi hizo wanaume walivua kwa matanga, na kila ukoo ulikuwa na alama yake kwenye tanga ili wanawake gatini wajue tangu mbali ni nani anayerudi. Tanga la Fortunato lilikuwa la manjano, lenye mwezi mwekundu. Pasqua ndiye aliyelipaka kila mwaka, amepiga magoti mchangani, akisugua udongo wa rangi kwa sponji iliyolowa maji ya bahari, mikono ikibaki myekundu mpaka Krismasi. Wenzake waliwajua waume zao kwa kikohozi. Yeye alimjua wake kwa mwezi.

Sasa, jirani yetu Momolo alikuwa na tanga jeusi lenye jogoo mweupe. Siku ya sikukuu ya watakatifu wetu, mbele ya umati, akasema mwezi wa Fortunato unafanana na ganda la jibini. Fortunato naye akajibu kwamba jogoo wa Momolo ni kuku aliyekwisha kuchemshwa, amebaki kutiwa chumvi. Cheka wewe unayecheka, lakini kwetu tanga ni jina la baba. Wagenoa waliouteketeza mji huu zamani tulikwisha kuwasamehe, Momolo hakusamehewa. Tangu hapo tanga la Jogoo likipita, watu wa Mwezi huligeuzia mgongo, na wa Jogoo nao vivyo hivyo. Pasqua na Elvira, mke wa Momolo, waligeuka mawe. Hata dagaa walinunua wametazamana visogo.

Basi asubuhi moja ya Novemba upepo wa baridi ukashuka kutoka Trieste bila hodi, na vyombo vyote vilikuwa baharini. Wanawake wakakimbilia gatini, penye nguzo ya paka, shali zikiwapiga usoni, macho kwenye mlango wa bandari. Tanga la kwanza likatokea.

"Msalaba wa buluu!" mmoja akapiga kelele, akajifuta machozi, akakimbia kusonga sima. Likaja la nyota, likaja la mishale. Kila tanga lilimchukua mwanamke wake, na gati likazidi kuwa tupu, hadi wakabaki wawili tu: Pasqua na Elvira. Mmoja kushoto kwa nguzo, mmoja kulia, na paka katikati kama hakimu.

Pasqua hakulia. Alitazama ukungu wa mawimbi akitafuta doa la manjano, na kila alipodhani ameliona, lilikuwa povu.

Ghafla Elvira akapiga yowe. Jogoo! Tanga jeusi lilikuwa linaingia, limeinama upande mmoja, lakini linaingia. Pasqua aliposikia furaha ile, moyo ulimshuka hadi kwenye viatu vyake vya mbao. Wa adui amerudi, wake hakuna. Akafanya kama desturi: akageuka, akampa jogoo mgongo, uso akauelekeza kwenye mfereji na boti zilizofungwa.

"Pasqua," akasikia nyuma yake.

Akaikaza shali yake.

"Pasqua, geuka."

"Nigeuke nitazame kuku wenu wa kuchemsha? Wako kakurudia, nenda kampikie! Niache na wangu."

"Wako wawili."

"Nini?"

"Jogoo wako wawili, we mbishi! Na Momolo chombo anacho kimoja tu. Hebu tazama yale macho yaliyochorwa kwenye omo, pale mbele!"

Pasqua akageuka. Nyuma ya chombo cha Momolo kilikuja kingine, chenye tanga la jogoo lililochakaa, lenye viraka, na omoni yakimkodolea macho yale yaliyopakwa na mkono wake mwenyewe, la kulia likiwa limepinda kidogo kwa sababu siku ile alipiga chafya. Akaketi juu ya mawe yaliyolowa, na Elvira akaketi naye, wakashikana kama watoto wa tumbo moja.

Fortunato aliposhuka alikuwa amelowa mpaka mifupa. Pasqua alimpiga ngumi ya kifua kwanza, ndipo akamkumbatia.

"Mwezi wangu uko wapi?"

"Upepo umeula. Nilibaki na mlingoti mtupu, mama, nikaanza kusali. Huyu hapa akanisogelea na tanga lake kuukuu la akiba."

"Bure?" Pasqua akamtazama Momolo.

"Bure ya wapi!" Fortunato akafoka. "Mawimbi yanatumeza, yeye kalishika tanga mkononi, ananiuliza: 'Jogoo wangu mzuri, si mzuri?'"

"Ukasemaje?"

"Nikasema mzuri."

"Hakusema mzuri," Momolo akadakia. "Alisema, 'Mzuri kuliko tausi, ndugu yangu, nirushie basi!'"

Elvira alicheka hadi akakosa pumzi. Siku ile sima ililiwa kwenye meza moja, na mchuzi wa samaki, na ile mboga chungu nyekundu ya mashambani kwetu. Pasqua alipopaka tanga jipya, aliweka mwezi wake mahali pake, na kwenye pembe ya chini akachora jogoo mdogo wa ukubwa wa kiganja. Hata lesi anayosuka sasa hivi, ukichungulia pembeni, utamkuta.

Lakini wanangu, jambo lenyewe la kutoaminika bado. Chombo kilipofika mbele ya nguzo, kwa macho yangu haya, nikichungulia dirishani, yule jogoo wa rangi alitikisa shingo, akafumbua mdomo, akawika, saa kongwe ya mnara ikashtuka ikagonga yenyewe, na paka wa jiwe kule juu akainuka, akajinyoosha, akaanza kushu—

"Shemeji," anasema Pasqua, bila kuinua macho kwenye lesi yake, "mrudishe huyo paka juu ya nguzo."