Manowari ya Mutua Iliyopwelewa

Jumapili, tarehe nane Juni. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, upepo wa kusi unasukuma mlango, na stima imepotea.

Watoto wa siku hizi, simu ikiisha chaji nao huzimika. Mwanaisha, binti yangu, amezunguka nyumba asubuhi nzima, mwisho akavuta boksi chini ya kitanda changu akauliza, "Baba, hivi vibati ni vya nini?" Najaribu kujibu hapa, ingawa shule yangu iliishia darasa la nane na sina hakika kama nitayapanga sawa.

Sisi tulipokuwa na umri wake, hapa hapa Ukunda, mwishoni mwa miaka ya tisini, mvua haikutuchosha. Tulikuwa watatu: mimi, Bakari wa nyumba ya pili, na Mutua, ambaye baba yake alitoka bara kuja kupika katika hoteli moja ya Diani. Mgeni mmoja akiondoka alimwachia mzee yule mchezo: ramani ya mto ya kutandika mezani, dadu mbili, na manowari za karatasi zilizochorwa mabamba ya chuma. Kijitabu cha sheria zake kilikuwa cha Kijerumani. Bakari akampelekea kaka yake, muuza vinyago ufuoni, aliyejisifu kuwa Kijerumani anakijua. Kaka akatazama ukurasa mzima, akakifunga. "Inasema, anayepigwa anazama." Mengine tukayatunga wenyewe.

Manowari za karatasi zililiwa na mende, tukaunda nyingine kwa mikebe ya maziwa, tukazigonga kwa jiwe mpaka zikapata umbo la meli. Hata leo harufu ya bati lenye kutu ikichanganyika na ya mihogo ya kukaanga, ile yenye pilipili na ndimu, hunirudisha kwenye ile meza. Ilikuwa meza ya mama, na hatukuwa na nyingine. "Hii meza ni ya kulia au ya vita?" alikuwa akiuliza, kisha anatandika mkeka tunakula chini.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa maji. Ramani ilikuwa na mshale, mto unateremka upande mmoja tu. Mimi na Bakari tukasema lazima maji yajae na yapwe, kwa kuwa mito tuliyoijua ndivyo ilivyo. Mutua akakataa kabisa.

"Mto gani unarudi nyuma? Mto si mbuzi!"

"We mtu wa bara, mto umeuona kwenye mtungi," Bakari akamcheka.

Tukampeleka ufuo wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini, wakati maji yanajaa. Bakari akatupa kifuu cha nazi. Kikapanda, kikaelekea bara. Mutua alikitazama mpaka kikapotelea kwenye mikoko.

"Haya, nimeona. Lakini kwetu haurudi. Nanyi siku moja mje muone."

Kwa haki, alikuwa na hoja kama sisi, na mshale ulikuwa upande wake. Tukapatana: dadu zote mbili zikitoa sita, maji yanageuka.

Mchezo wa mwisho, manowari yake ilipwelewa, maji yakaikimbia ikakwama kwenye fungu la mchanga, mbele ya mizinga yetu. Magharibi ikaingia, akaitwa kwao. "Msiguse meza," akasema. "Maji yakijaa natoka, mtanitambua!"

Hakurudi. Ulikuwa mwaka wa fujo. Wageni walikauka, hoteli ikapunguza watu, na watu wa bara, walioambiwa warudi kwao, wakawa na hofu. Kina Mutua wakaondoka asubuhi na magodoro yao. Wazazi wetu hawakumfukuza mtu, hilo nalijua. Lakini pia sikumbuki aliyewaambia kaeni. Meza ilibaki vile siku nyingi, mama akipangusa vumbi kandokando ya manowari, hadi harusi ya shangazi ilipoihitaji. Simlaumu.

Mwanaisha huzamisha meli kwenye simu huku anakula, wala hajui meli hizo ni za nani. Sisi tulijuana. Sijui kama ndiyo bora; sisi tulipigana kwa ngumi pia, na yeye hajampiga mtu.

Leo nimetoa dadu boksini, nikatandika ramani ile ile, nikapanga kila kitu nilivyokumbuka, na huenda nimekosea.

"Hii ya mchangani ni ya nani?"

"Ya Mutua. Mrushie dadu."

Akarusha. Tatu na moja. Akarusha tena na tena, mpaka akachoka.

"Baba, mgeuzie tu ziwe sita. Si hayupo?"

"Hayupo, ndiyo maana sigeuzi."

Jioni mke wangu akauliza meza itaachwa saa ngapi. Nikamwambia maji bado hayajajaa. Akanitazama, akatandika mkeka, tukala chini sima na mchicha wa nazi.